Bembea Ikikwama na Watoto Juu
*Maandishi ya mazungumzo na wakazi wa Kabras, Kaunti Ndogo ya Malava, kuhusu mashine za michezo na huduma za dharura*

 

Shule zikifungwa, lori hufika sokoni jioni limebeba vyuma. Kufikia asubuhi vyuma hivyo vimekuwa bembea ya viti vinavyozunguka, au jumba la kurukia lililojazwa hewa, na mara nyingine gurudumu la kupandisha watu. Watoto huwa wameshapata habari kabla mzazi hajamaliza chai. Hakuna ubaya hapo. Mtoto wa Kabras ana haki ya kucheza sawa na mtoto wa Nairobi anayepandishwa lile gurudumu kubwa la Two Rivers. Mazungumzo ya leo yanahusu jambo moja tu: mashine ikikwama na watoto wakiwa juu, watu walio chini wafanye nini kabla ya gari la zimamoto kufika?

Mfano wa kwanza unatoka mbali, lakini mahali penyewe pangeweza kuwa hapa. Crandon ni mji mdogo katika jimbo la Wisconsin, Marekani, eneo la misitu na mashamba. Kila mwaka huwa na sherehe ya kaunti yao, na mashine za michezo huletwa kwa malori, zikafungwa, sherehe ikiisha zikafunguliwa na kupelekwa kwingine. Tarehe 2 Julai 2023 mojawapo ya mashine hizo ilikuwa rolakosta, yaani vigari vinavyokimbia juu ya reli iliyopandishwa na kupindwa angani. Reli ya hii ilikuwa duara lililosimama wima, kama gurudumu la baiskeli lililoegemezwa ukutani, na vigari vikizunguka ndani yake. Vigari vilipofika juu kabisa vilisimama hapo. Abiria walikuwa 8, saba kati yao watoto, na wote walikuwa wameinamishwa kichwa chini miguu juu.

Walikaa hivyo kwa takriban saa tatu.

Wazima moto wa Crandon walifika, lakini vifaa walivyokuwa navyo havikutosha kuwafikia watu juu pale. Ilibidi kusubiri vifaa maalumu kutoka mji mwingine, Antigo. Vilipofika, waokoaji walipanda, wakamfunga kila abiria kamba ya usalama kabla ya kufungua chuma kilichomshika kiti chake, wakawashusha mmoja baada ya mwingine. Wote 8 walishuka wakiwa hai, na mmoja alipelekwa hospitalini. Mashine hiyo ilikuwa imekaguliwa na jimbo muda mfupi kabla ya siku hiyo, na bado ikaharibika. Kwa hiyo cheti cha ukaguzi ni kitu kizuri, na mzazi aulize kama kipo, lakini cheti hakishushi mtoto aliyekwama.

Sasa fikirieni ramani ya hapa. Malava iko karibu katikati ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye. Msimu wa miwa barabara hiyo huwa na matrekta yenye matrela mawili, yakitembea polepole kuelekea viwandani, na gari la dharura halina mabawa ya kuyaruka. Ukitoka lami kuelekea Chegulo, Lukume au Samitsi, na mvua imenyesha, ni hesabu nyingine. Gari la kuzima moto ambalo limejengwa kubeba maji huenda likafika likiwa na maji tele na ngazi fupi. Tofauti hii huamuliwa na simu ya kwanza, na hapo ndipo mwananchi anaingia. Mpigaji akisema tu "kuna ajali sokoni", litakuja gari la ajali. Akisema "watoto wanane wamekwama juu kama nguzo mbili za stima, hakuna moto", anayepokea simu atajua mara moja kwamba kinachotakiwa ni ngazi ndefu na kamba, na kama havipo karibu ataanza kuvitafuta wakati huohuo.

Kabla ya kufika kwenye simu, inafaa kuelewa kwa nini mashine hukwama. Watu wengi hudhani kukwama ndiko ajali. Mara nyingi ni kinyume chake. Reli ya rolakosta kubwa hugawanywa vipande, na kila kipande kinaruhusiwa kuwa na kigari kimoja tu. Vihisio kwenye reli huiambia kompyuta kigari kiko wapi, na kama kipande cha mbele hakijawa tupu, breki hushika kigari cha nyuma kisisogee. Umeme ukikatika, breki nyingi za aina hii hujifunga zenyewe. Kwa hiyo abiria aliyesimamishwa juu akiwa amefungwa vizuri kitini yuko pabaya kwa starehe yake, lakini mara nyingi yuko salama kuliko atakavyokuwa mtu mwenye haraka akianza kumhangaikia.

Haraka hiyo ndiyo iliyoleta msiba kwenye bustani ya Alton Towers, Uingereza, tarehe 2 Juni 2015. Rolakosta yao inaitwa Smiler. Siku hiyo kigari kitupu cha majaribio kilishindwa kumaliza safari, kikabaki katikati ya reli. Mtambo ulifanya kazi yake: ulizuia kigari kilichofuata, chenye watu 16. Mafundi waliona reli haina tatizo, wakaamini mtambo ndio uliokosea, wakaulazimisha kuendelea. Kigari chenye watu kiliachiliwa, kikaenda kugonga kile kitupu. Wasichana wawili walipoteza mguu mmoja kila mmoja, na wengine waliumia vibaya. Walikuwa wamekwama takriban mita 6 kutoka ardhini, kigari kimelala upande, na ikabidi jukwaa lijengwe chini yao ili madaktari wawafikie. Ilichukua zaidi ya saa nne kuwatoa.

Kuna tarakimu moja katika kesi hiyo ambayo wakazi wa Kabras wanapaswa kuishika kuliko zote. Simu ya kwanza ya dharura ilipigwa dakika 17 baada ya kugongana. Bustani kubwa, yenye wafanyakazi wengi na simu kila kona, na dakika 17 zilipita. Mwaka uliofuata, Septemba 2016, mahakama iliitoza kampuni inayoiendesha faini ya pauni milioni 5.

Dakika hupotea kwa sababu kila mtu anadhani mwingine ameshapiga. Mwenye mashine naye ana sababu yake ya kuchelewa. Anaogopa jina lake kuharibika, anaogopa kurudisha pesa za watu, na fundi wake amemwambia "ngoja kidogo, inakuja." Mzazi asingoje hiyo "kidogo". Mashine ikisimama na watu juu, na dakika chache zikapita bila kushuka kwa njia yake ya kawaida, simu ipigwe. Kama itashuka yenyewe baada ya hapo, gari litarudishwa njiani, na hakuna atakayekasirika.

Nambari za dharura ni 999 au 112. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa 1199. Mpigaji aseme mahali kwa alama ambazo dereva asiye wa Kabras anaweza kuziona: soko gani, shule au kanisa gani lililo karibu, upande upi wa barabara kuu, na kama daraja linapitika. Aseme waliokwama ni wangapi na wangapi kati yao ni watoto. Aseme wako juu kiasi gani, kwa kulinganisha na nguzo ya stima au paa la kanisa, kwa sababu watu wengi hawajui kukadiria mita na hakuna aibu katika hilo. Kisha aseme kitu ambacho karibu kila mtu husahau: wameketi wima, wamelala upande, au vichwa viko chini?

Kichwa kuwa chini kunabadilisha kila kitu. Mwili umezoea kusukuma damu ukiwa wima. Ukigeuzwa, damu hujaa kichwani, macho huuma, na ini na matumbo huegemea mapafu hadi kupumua kunakuwa kazi. Mtu mzima mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo huumia mapema kuliko kijana. Hata anayening'inia kichwa kikiwa juu ana shida yake, kwa sababu mikanda inambana mapajani, miguu haifanyi kazi, na damu inabaki chini isirudi moyoni. Anaweza kuzimia humohumo kwenye mkanda. Ndiyo maana mtu aliye chini, mwenye sauti inayofika, anaweza kusaidia bila kugusa chochote: awaambie waliokwama wasogeze vidole vya miguu, wakaze na kulegeza mapaja, wapumue polepole, na wasijaribu kufungua mkanda. Mzazi asimame pale mtoto anapoweza kumwona. Mtoto anayemsikia mama yake akimwita kwa jina hatulii kabisa, lakini hajirushi.

Jua nalo lisisahauliwe. Saa sita mchana chuma huwaka, na mtoto aliyekwama tangu saa tano huishiwa maji.

Akishuka, asisimamishwe na kukimbizwa kwa furaha kati ya watu. Alazwe au akae, awekwe kivulini, aonwe na mhudumu wa afya hata kama anasema yuko sawa. Soda anayopewa na shangazi kwa huruma ingoje kidogo. Hospitali ya Malava iko karibu kuliko Kakamega, na kama kuna haja ya Hospitali ya Rufaa, wahudumu ndio wataamua.

Turudi chini, kwenye uwanja. Hapa ndipo vijana wa Kabras watajaribiwa. Kuna kijana katika kila soko ambaye hupanda mti wowote, na ataanza kuvua viatu. Ashikwe mkono. Uzito wake unaweza kusogeza kigari kilichoshikwa na breki moja, na akianguka atawaangukia waliosimama chini. Mashine isisukumwe wala kutikiswa. Mtu yeyote asiguse swichi ya jenereta isipokuwa mwendeshaji mwenyewe, kwa sababu umeme ukirudi ghafla mashine inaweza kuanza kuzunguka na mwokoaji yuko juu. Mashine nyingine zina njia ya kushusha watu kwa mkono bila umeme, kwa gurudumu dogo au kwa kulegeza breki polepole. Hiyo ni kazi ya mwendeshaji aliyefunzwa, na swali la kumuuliza kabla ya mtoto kupanda ni hili: "Stima ikipotea sasa hivi, utawashusha vipi?" Asiye na jibu hapo hapo asipewe mtoto.

Watu nao wasogezwe mbali. Kaunti hii haihitaji mgeni aje kuifundisha kile msongamano unaweza kufanya. Tarehe 3 Februari 2020, katika Shule ya Msingi ya Kakamega, wanafunzi zaidi ya 10 walikufa kwenye ngazi za jengo la madarasa walipokuwa wakitoka jioni. Hapakuwa na moto, wala jengo halikuanguka. Walikanyagana. Soko zima likikimbilia chini ya bembea kurekodi video, gari la zimamoto likifika halitapata pa kuegesha, na ngazi ndefu haiwezi kufunguliwa bila ardhi tupu na ngumu chini yake. Vijana wa bodaboda wana kazi nzuri zaidi hapo. Wawili waende hadi barabara ya lami walisubiri gari na kuliongoza, na wengine wafungue njia kwa kuondoa vibanda, mikokoteni na pikipiki zao wenyewe.

Kuna swali ambalo huulizwa kila mara: mbona watu wasiletewe mashine za hapa? Kabras ina viwanda vya sukari, na kwenye viwanda kuna mashine za kunyanyua miwa. Kenya Power ina malori yenye ndoo ya kuinulia fundi hadi kwenye waya. Swali ni la maana. Tarehe 22 Agosti 2023, huko Battagram milimani Pakistan, kigari cha kamba kilichokuwa na watu 8, wengi wao wanafunzi waliokuwa wakienda shule, kilikatikiwa na kamba kikabaki kikining'inia juu ya bonde, takriban mita 270 kutoka chini. Helikopta za jeshi zilijaribu mchana kutwa, na upepo wa mapanga yake ukawa unakitikisa kigari. Giza lilipoingia zikaacha. Usiku huo kazi ilimaliziwa na watu waliozoea kutambaa juu ya kamba, wakiwemo wataalamu wa sehemu hizo, na wote 8 wakatolewa salama. Kwa hiyo ujuzi wa karibu unaweza kuokoa. Lakini waliookoa Battagram walikuwa na kamba za kujifunga na walijua wanachofanya, na walikuwa wakishirikiana na jeshi.

Mashine ya kunyanyulia miwa ina makucha ya kushika miwa. Haina kizuizi cha kumlinda mtu, na mafuta yake yakivuja au bomba likipasuka mkono hushuka kwa kishindo. Mtu asiinuliwe nayo, hata mmoja, hata kama mwendeshaji ni mjomba wake na amefanya kazi hiyo miaka 20. Lori lenye ndoo ni jambo tofauti, kwa kuwa limejengwa kubeba binadamu, lakini nalo liitwe na msimamizi wa uokoaji, lifike na fundi wake, na stima ya waya zilizo karibu ikatwe kwanza.

Halafu kuna mvua ya Kabras, ambayo Wisconsin hawaijui. Hapa mvua hupenda kuja alasiri, na huja na radi. Kila familia katika eneo hili ina hadithi ya ng'ombe au mtu aliyepigwa na radi. Mnara wa chuma uliosimama peke yake uwanjani ni mahali pabaya mno pa kuketi wakati huo. Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata kama jua bado linawaka sokoni, mashine isimamishwe na watu washuke. Mwenye bembea atalalamika kwamba saa kumi ndiyo saa yake ya biashara. Ni kweli, na ni hasara yake, lakini mwokoaji hawezi kupandishwa kwenye chuma wakati wa radi, kwa hiyo watakaokwama wakati huo watangoja mvua iishe wakiwa juu.

Kuhusu sheria, maneno machache yanatosha. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kaunti kazi mbili zinazokutana kwenye bembea. Moja ni shughuli za burudani za umma na vifaa vya starehe. Nyingine ni huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga. Ofisi inayomruhusu mwenye mashine kufunga vyuma vyake sokoni ni ya serikali ileile itakayotumwa kuwashusha watoto. Mwananchi ana haki ya kuuliza pande zote mbili kwa pumzi moja: mashine hii imeruhusiwa na nani, na ikikwama ngazi itatoka wapi? Aulize kabla ya siku ya kwanza ya biashara, kwa msimamizi wa wadi, akiwa bado na nafasi ya kusikilizwa. Chifu na kamati ya soko waulize pia.

Mzazi asiyetaka kusumbua ofisi yoyote anaweza kutumia macho yake. Miguu ya mashine imekanyaga ardhi ngumu au matofali yaliyopangwa juu ya matope? Pini zinazoshika viti zina kufuli ndogo za kuzuia zisichomoke, au zimefungwa kwa waya na kitambaa? Mkanda wa mtoto unabana, au anaweza kutoka humo kama anavyotoka kwenye sweta? Mwendeshaji yuko kwenye swichi, au yuko kando anahesabu pesa? Na je, kuna kibao mahali pa kulipia chenye nambari ya dharura na nambari ya simu ya mwenye mashine? Kama hakipo, mwambieni akiandike kwa chaki leo, kabla ya mtoto wa kwanza kupanda.

Sasa ni nafasi ya maswali. Yaanze na akina mama walio nyuma pale, halafu vijana wa bodaboda.